Mawese ya Rumonge na Ukuta wa Ushuru

Ushuru wa forodha ni kodi ambayo serikali hutoza bidhaa inapovuka mpaka kuingia nchini. Aliyeleta mzigo ndiye anayelipa kwenye dirisha la forodha, lakini fedha hiyo huirudisha kwenye bei, kwa hiyo mlipaji wa mwisho ni yule anayenunua chupa, kipande au kilo dukani. Serikali hutoza ushuru kwa sababu mbili, kupata mapato na kuwakinga wazalishaji wa ndani, na sababu hizo hazipatani kama hotuba za bajeti zinavyopenda kuonyesha. Ushuru unaojaza hazina ni ule unaoacha mizigo ya nje iendelee kumiminika. Ushuru unaokinga kwelikweli ni ule unaoizuia, na mzigo usioingia haulipiwi hata faranga moja.

Mgongano huo unaonekana vizuri kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hasa Rumonge, mji ulioko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Kuanzia hapo hadi Nyanza-Lac, uwanda wa Imbo umejaa michikichi, na mafuta yake mekundu, mawese, ndiyo bidhaa ya nyumbani inayojulikana zaidi. Sokoni bidoni za mawese hukaa karibu na mafungu ya samaki wa ziwani, ndagala na mukeke. Hatua chache kando kuna maduka yenye mafuta meupe ya chupa, sabuni za Kenya na Tanzania, vitenge, masufuria, betri na saruji iliyokuja kwa meli. Karibu kila hoja ya ushuru, ya bidhaa za nje na ya kununua vya nyumbani inaweza kuelezwa kwa kufuata safari ya mafuta ya kula peke yake, nayo ndiyo itakayofuatwa hapa.

Biashara ya ng'ambo si jambo jipya hapa. Chumvi ya Uvinza ilivushwa ziwa kwa mitumbwi muda mrefu kabla ya mkoloni, na msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858 pamoja na John Speke, aliyataja mawese miongoni mwa bidhaa za soko la pale. Hongo na ada za watawala wa bandari na njia zilikuwapo. Ushuru wa kimataifa, wenye mikataba na asilimia, ulikuja baadaye, na ulianza kwa kinyume chake: amri ya kutotoza. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulitangaza eneo lililoitwa bonde la Kongo, ambalo kwa ramani ya wanadiplomasia lilivuka Ziwa Tanganyika na kufika Bahari ya Hindi, kuwa eneo la biashara huria. Bidhaa zilizoingizwa humo hazikutakiwa kutozwa ushuru wa kuingia kwa miaka 20. Miaka hiyo haikuisha. Mwaka 1890, mjini Brussels, mataifa yaleyale yalikubali ushuru usiozidi asilimia 10, kwa maelezo kwamba fedha zilihitajika kupambana na biashara ya watumwa. Wenyeji wa ufuko hawakuulizwa walipoondolewa ushuru, wala hawakuulizwa uliporudishwa.

Jambo la pili la enzi hiyo linaonekana hadi leo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji walipokabidhiwa Ruanda-Urundi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walihitaji njia ya kufika baharini bila kulipa forodha ya Waingereza. Kwa makubaliano ya tarehe 15 Machi 1921 walipewa maeneo maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mizigo ya Burundi ilipita humo kama iliyofungwa kwa lakiri: ilikuwa katika ardhi ya Tanganyika, lakini forodha ya Tanganyika haikuigusa. Nchi isiyo na bahari hujifunza mapema kwamba bei ya kitu cha nje huundwa njiani, mbali sana na dirisha lake lenyewe la forodha.

Ushuru unaotumika sasa unatokana na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi iliingia rasmi tarehe 1 Julai 2007, na miaka miwili baadaye, Julai 2009, ikajiunga na Umoja wa Forodha ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimeuanza mwaka 2005. Umoja huo una kanuni mbili kuu. Kwanza, bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya huvuka mipaka ya ndani bila ushuru wa forodha. Pili, bidhaa ya kutoka nje ya Jumuiya hutozwa kiwango kilekile popote inapoingilia, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura. Viwango hivyo vya pamoja vilikuwa vitatu: malighafi na mitambo asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, na bidhaa zilizo tayari kwa mlaji asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo Jumuiya ilijiona ina uwezo wa kuzitengeneza yenyewe. Humo yaliingizwa mafuta ya kula, fanicha, nguo, bidhaa za ngozi na vinginevyo. Juu ya viwango hivyo kuna orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru mkali zaidi: sukari hufika asilimia 100, mchele asilimia 75, vitenge na khanga asilimia 50.

Hesabu yenyewe si ngumu. Forodha huanza na thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima yake. Mzigo ukiwa na thamani ya faranga 1,000,000 na kiwango chake kikiwa asilimia 35, ushuru ni faranga 350,000. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ambayo Burundi ni asilimia 18, hutozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, yaani juu ya 1,350,000, nayo ni 243,000. Mzigo umekwisha kufika faranga 1,593,000 kabla ya ada nyingine, kabla ya lori na kabla ya faida ya mwenye duka. Mzigo wa thamani hiyohiyo ukiwa umetengenezwa Kigoma au Jinja, una cheti cha uasili, ushuru wake ni sifuri na TVA ni 180,000, jumla 1,180,000. Tofauti ya faranga 413,000 ndiyo urefu wa ukuta ambao Jumuiya imeuzungushia soko lake. Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ndiyo inayokusanya. Tangu mwaka 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, mizigo mingi hukaguliwa na kulipiwa ingali bandarini Dar es Salaam kabla haijaanza safari ya kuja Burundi.

Ukuta huo umejengwa kuzunguka Jumuiya nzima. Haukujengwa kuizunguka Burundi, wala Rumonge. Hapo ndipo maelezo ya kawaida kuhusu kulinda vya nyumbani yanapoanza kupwaya.

Mchikichi ulikuwapo kwenye ufuko huu zamani, lakini sura ya sasa ya uwanda ilitokana na miradi ya serikali na wafadhili ya miaka ya 1970 na 1980, iliyopanda mashamba mapya na kugawa miche bora. Ofisi ya serikali ya mafuta ya mawese, OHP, ndiyo inayosimamia zao. Aina ya asili, dura, ina kokwa kubwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Chotara wake, tenera, ana ganda jembamba na nyama nyingi, kwa hiyo hutoa mafuta mengi zaidi kutoka kwenye mkungu wa uzito uleule. Wakulima wengi wana mchanganyiko wa aina zote mbili, mara nyingi kwenye shamba moja na bila kumbukumbu ya mti upi ni upi.

Kukamua kwa wengi ni kazi ya mashine ndogo za vijijini. Mikungu hukatwa, huachwa siku kadhaa ili chikichi zilegee, kisha hung'olewa na kuchemshwa ndani ya mapipa. Zikishaiva husagwa na kukamuliwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mikono au ya injini ya dizeli, na mafuta hutenganishwa na maji kwa kuchemshwa tena. Makapi hurudi jikoni kuwa kuni. Kokwa huanikwa na kupasuliwa, na mbegu ya ndani hutoa mafuta ya mise, ambayo watengeneza sabuni huyatafuta. Hakuna kinachotupwa, na kwa mtazamo huo kazi hii ni ya kupigiwa mfano. Ila mashine hizo huacha mafuta mengi ndani ya makapi. Kiwanda kizuri hupata zaidi ya kilo 20 za mafuta katika kila kilo 100 za mikungu ya tenera. Mashine ya kijijini hupata pungufu sana ya hapo. Zile siku za kulegeza chikichi nazo zina gharama yake: tunda lililokatwa huanza kuchacha, na mafuta yake huwa na asidi nyingi. Mlaji wa isombe, yaani kisamvu, hajali sana, na wengine hupenda ladha ile. Mtengeneza sabuni naye hana shida. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kinacholazimika kuiondoa asidi hiyo kwa gharama, hupunguza bei au hukataa kabisa.

Upande wa pili wa dunia kuna Indonesia na Malaysia, zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Mvua huko hunyesha karibu mwaka mzima, miti huzaa bila kupumzika, na viwanda viko katikati ya mashamba, kwa hiyo tunda huchemshwa siku ileile ya kukatwa. Rumonge ina kiangazi cha miezi kadhaa, Juni hadi Septemba, na mchikichi usiopata maji hupunguza mikungu. Mavuno huja kwa msimu: kipindi kimoja mawese hujaa na bei huanguka, kipindi kingine hupotea na bei hupaa. Mwenye mtaji hununua wakati wa wingi, huhifadhi kwenye mapipa na kuuza wakati wa uhaba. Mkulima mwenye ada za shule za kulipa huuza siku ileile, na pengo lote la bei hupita juu ya kichwa chake.

Je, asilimia 35 inamkinga mkulima huyo dhidi ya Malaysia? Jibu linategemea mafuta yanapita mpakani yakiwa katika hatua gani. Kiwango cha juu kimewekwa kwa mafuta yaliyosafishwa, yaani bidhaa iliyo tayari kwa mlaji. Mafuta ghafi ya mawese huhesabiwa kuwa malighafi ya viwanda, na kwa muda mrefu katika Jumuiya yameingia bila ushuru au kwa ushuru mdogo. Chukua mfano wa hesabu tu: mafuta yaliyosafishwa yanauzwa duniani kwa 100 na mafuta ghafi kwa 80. Kiwanda cha kusafisha hulipa 80 kwa malighafi isiyo na ushuru na kinaweza kuuza hadi 135, kwa sababu mshindani wake wa nje ametozwa asilimia 35. Nafasi yake ya gharama na faida, ambayo duniani ingekuwa 20, imekuwa 55. Mkulima wa mchikichi hakupata kitu. Kiwanda kinaweza kupata mafuta ghafi kwa 80 wakati wowote, kwa hiyo hakina sababu ya kumlipa yeye 90. Ukuta ni mrefu, lakini shamba limebaki nje yake.

Hilo si kosa la uandishi wa sheria. Ni uamuzi wa kisiasa unaopendelea hatua ya kiwanda kuliko hatua ya shamba, na unaeleweka: viwanda vya Mombasa, Dar es Salaam na Jinja vinaajiri, vinalipa kodi, na sauti yao hufika wizarani bila kupanda basi. Tanzania iliwahi kubadili mwelekeo. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 iliomba kutumia kiwango chake yenyewe, ikapandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, kwa lengo la kuwatia moyo wakulima wa alizeti na michikichi. Viwango vya pamoja huruhusu maombi ya namna hiyo. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, Gazeti la Jumuiya huchapisha orodha ndefu ya bidhaa ambazo nchi fulani itazitoza tofauti na wenzake kwa mwaka mmoja. Mfanyabiashara wa ufukoni asiyeisoma orodha hiyo anaweza kushangaa Julai kwa nini hesabu ya Juni haimpi jibu lilelile.

Kuna pia suala la mafuta yaliyosafishwa ndani ya Jumuiya kutokana na mafuta ghafi ya Asia. Yakitiwa chupa Kenya na kuletwa Rumonge, ni bidhaa ya Afrika Mashariki au ya Malaysia? Kanuni za uasili hutaka bidhaa iwe imezalishwa yote ndani ya Jumuiya, au iwe imegeuzwa vya kutosha, kwa kupimwa kiasi cha malighafi ya nje iliyomo au mabadiliko yaliyofanyika. Swali hilo limewahi kuleta mvutano kati ya nchi wanachama, kwa mafuta na kwa peremende zenye sukari ya nje vilevile, maana jibu lake ndilo linaloamua kama chupa italipa sifuri au itabebeshwa kiwango kizima.

Kinachoipa Rumonge kinga halisi si ushuru. Ni umbali. Mafuta ghafi ya Asia lazima yavuke bahari, yashushwe Dar es Salaam, kisha yasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori au kwa reli na meli. Kila kilomita huongeza bei, na nyongeza hiyo humfaidi mkulima wa mawese kama vile ingekuwa ushuru, ila serikali haikusanyi chochote. Kinga hii ina ubaya wake. Barabara ikitengenezwa, reli ikifufuliwa au bandari ikipanuliwa, mambo ambayo kila mtu huyatamani, kinga hupungua. Na umbali hauchagui: dizeli ya mashine ya kukamua, vipuri na mbolea vinapita njia hiyohiyo na kupanda bei vilevile.

Miaka ya karibuni limeongezeka jambo jingine lenye nguvu kuliko kiwango chochote cha forodha: uhaba wa fedha za kigeni. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo mmoja, dola ikatoka faranga 2,000 na ushei hadi zaidi ya 2,800 kwa kiwango rasmi. Soko la mitaani liliendelea kuwa juu zaidi, na mfanyabiashara asiyepata dola benki huzinunua huko. Bidhaa yake ya nje hupanda bei hata ushuru usipoguswa. Hapo kuna kichekesho cha kihesabu. Forodha huhesabu thamani ya mzigo kwa kiwango rasmi cha benki. Dola ya mitaani ikiwa mara mbili ya ile ya benki, ushuru wa asilimia 25 unakuwa, kwa gharama halisi ya mfanyabiashara, asilimia 12 na nusu tu. Sheria haikubadilika, lakini kinga imekatika nusu, wakati bei ya dola peke yake imejenga nyingine iliyo ndefu mara kadhaa.

Uhaba huohuo huvuta mawese kwenda nje. Ng'ambo ya ziwa, Baraka, Fizi na Kalemie, kuna walaji wa mafuta yaleyale na fedha inayobadilishika kwa urahisi zaidi. Bei ya Kongo ikipanda, boti hupakia. Mlaji wa Bujumbura aliyeambiwa anunue vya nyumbani hukuta vya nyumbani vimevuka maji, naye hurudi kwenye chupa ya mafuta meupe. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini ufuko wake haujawa sehemu kamili ya forodha moja, na sehemu kubwa ya biashara ya ziwani huendelea kwa desturi kuliko kwa karatasi.

Desturi hiyo ina upande wa magendo, na vitenge ni mfano mzuri. Ushuru wa asilimia 50 ukikutana na pwani ndefu, boti zenye injini na usiku usio na mbalamwezi, sehemu ya mizigo hujua njia isiyopita forodha. Kiwango kikali kupita kiasi hupunguza mapato na kuwaadhibu wanaolipa, kwa sababu wao ndio wanaoshindana na asiyelipa. Kwa wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, wanaovusha magunia machache kwenda na kurudi Kigoma, Jumuiya ina utaratibu uliorahisishwa: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupata cheti cha uasili papo hapo mpakani bila kupitia wakala. Bado TVA na ada za ndani zinaweza kudaiwa, na wengi waliosikia kwamba mpaka ni huru hukasirika wanapoonyeshwa risiti.

Sabuni inaonyesha sura nyingine ya ukuta uleule. Kiwanda cha Savonor cha Bujumbura hutengeneza sabuni na mafuta ya kula, na mawese ya uwanda wa Imbo ni sehemu ya malighafi yake. Hapa kinga ya kiwanda inaweza kumfikia mkulima, kwa sharti moja: kiwanda kinunue mawese ya ndani badala ya malighafi iliyoagizwa. Lakini sabuni za Kenya huingia bila ushuru, zimetengenezwa na viwanda vikubwa vyenye gharama ndogo kwa kila mche. Watengeneza sabuni wadogo wa Rumonge, wanaochemsha mise na soda kaustiki nyuma ya nyumba, hushindana na viwanda hivyo bila ukuta wowote katikati yao. Wanachobaki nacho ni ukaribu na mnunuzi, na bei ya kipande kilichokatwa kidogo kulingana na mfuko wake.

Kuhusu mlaji mwenyewe, hoja ya kununua vya nyumbani ina nguvu pale bidhaa ya nyumbani ni bora au ya pekee. Mawese mekundu ni ya namna hiyo. Rangi yake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yakisafishwa hadi kuwa meupe hiyo huondoka. Isombe, maharage na ndagala za ufukoni zimepikwa kwa mawese siku zote, na kwa mpishi wa Rumonge chupa ya mafuta meupe haijawahi kuchukua nafasi yake sawasawa. Ni ya kukaangia maandazi. Hoja hudhoofika pale ubora unapoyumba. Mawese yenye maji, yaliyochanganywa au yaliyokaa kwenye bidoni chafu humfukuza mnunuzi haraka kuliko tangazo lolote linavyoweza kumrudisha. Ndiyo sababu alama ya ubora ya ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, ingeweza kumfaa mkamuaji kuliko asilimia kumi zaidi za ushuru, kama gharama ya kuipata ingelingana na ukubwa wa mashine yake.

Kumlazimisha mlaji ni jambo jingine. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vyake vya nguo vipumue. Marekani, muuzaji mkubwa wa mitumba, ilijibu mwaka 2018 kwa kuifutia Rwanda nafasi ya kuingiza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Burundi haikuwa na cha kupoteza huko, kwa kuwa ilikwisha kuondolewa katika mpango huo tangu Januari 2016 kutokana na mgogoro wa kisiasa wa mwaka uliotangulia.

Wapo wanaosema afadhali kuagiza kila kitu ambacho wengine wanakitengeneza kwa bei ndogo. Mwaka 2022 uliwapa la kufikiria. Tarehe 28 Aprili Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote, ilifunga usafirishaji wa mafuta ya mawese ili kushusha bei nyumbani kwake, na haikuufungua hadi tarehe 23 Mei. Vita vya Ukraine vilikuwa vimekwisha kukatiza alizeti. Bei za mafuta ya kula zilipanda Afrika Mashariki nzima, na mwenye michikichi nyuma ya nyumba alikuwa na kitu ambacho fedha ya muda ule haikukipata kwa urahisi.

Kinachoamua kama Rumonge itaweza kuzalisha zaidi kiko shambani. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na hulipa kwa miaka 25 hivi. Baada ya hapo huwa mrefu mno, mkwezi huhatarisha maisha yake na mikungu hupungua. Miti mingi ya miradi ya zamani imefika umri huo. Kuing'oa na kupanda mipya ni kukubali angalau miaka mitatu bila mapato, na hakuna anayekubali hilo kwenye ardhi ambayo huenda ikadaiwa kesho. Vurugu za mwaka 1972 zilianzia pande hizi za kusini, maelfu walikimbilia Tanzania, na mashamba yao ya michikichi yaligawiwa wengine au kuingizwa kwenye miradi. Walipoanza kurudi, tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilikuta mti mmoja una wenye wawili, aliyeupanda na aliyeutunza.

Majirani wanasonga. Uganda ilipanda michikichi katika visiwa vya Kalangala, Ziwa Victoria, kwa ubia wa kampuni ya Bidco na wakulima wadogo, ambao bei ya mikungu yao hupangwa kila mwezi kwa kufuata bei ya dunia. Tanzania ilianza mwaka 2018, baada ya ziara ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa mkoani Kigoma, kuzalisha mbegu za tenera katika kituo cha utafiti cha Kihinga na kuzigawa kwa wakulima. Kigoma iko chini ya kilomita 150 kutoka Rumonge kwa njia ya maji. Michikichi hiyo ikizaa inavyotarajiwa, mafuta yake yatakuwa ya Afrika Mashariki kwa kila kipimo cha uasili, yatavuka ziwa kwa ushuru wa asilimia sifuri, na hayatakuwa na kilomita elfu moja za barabara za kuyaongezea bei.